Dume au Jike? Siri Iliyomo Bwawani

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa huu, nami sitaki kuujaza hadithi za sungura na fisi. Nataka tuulizane swali moja: ni nini humfanya samaki awe dume au jike? Msicheke! Hapa Plateau swali hili huamua kama mfugaji atalipa karo au atakula hasara.

Chukueni mfano wa ami yangu. Alinunua vifaranga vya tilapia, akavilisha miezi minane. Siku ya kuvua, lo! Bwawa lilijaa visamaki vya urefu wa kidole. Majirani wakasema ati maji yana mkosi, naye akaapa kulifukia bwawa apande mahindi. Kumbe hapakuwa na mkosi wowote. Aliuziwa madume na majike pamoja, wakazaana mpaka chakula kikawa hakiwatoshi. Isitoshe, tilapia jike hukua polepole kuliko dume. Nguvu zake huishia katika mayai, na anapoyatamia mdomoni hali kitu. Ndiyo maana wafugaji hutaka madume watupu.

Sasa tuingie darasani kidogo. Katika binadamu, mwanamke ana kromosomu XX na mwanamume XY. Mama hutoa X tu. Baba hutoa X au Y. Kwa hivyo anayemlaumu mkewe kwa kuzaa mabinti watupu anamwonea bure. Tilapia wa Nile, yule tunayemfuga sana Kenya, hufuata mpango huohuo. Mwaka 2015 watafiti wa Uchina walieleza jeni moja iliyo kwenye kromosomu Y yake, inayohusika na homoni iitwayo AMH, ambayo humwelekeza kifaranga kuwa dume.

Lakini ngojeni! Tilapia wa Zanzibar, ambaye pia hupatikana katika mto Wami huko Tanzania, amepindua mambo. Dume lake ni ZZ na jike ni WZ. Hapo mama ndiye mwamuzi.

Jambo hili lilizua maajabu. Mwaka 1960, Mwingereza C. F. Hickling alieleza majaribio yaliyofanywa Malacca, nchini Malaysia. Dume wa Zanzibar alipooanishwa na jike wa tilapia wa Msumbiji, ambaye ni XX, watoto wote walitoka madume! Tupige hesabu: baba ana Z tu, mama ana X tu, basi kila mtoto ni XZ. Z hiyo moja ikikutana na X, mtoto huwa dume. Walipogeuza, jike wa Zanzibar na dume wa Msumbiji, walipata kama madume watatu kwa kila jike mmoja. Shida ni kwamba wazazi lazima wawe wa asili safi. Damu ikichanganyika, majike hujitokeza tena.

Samaki ana ujanja mwingine pia. Vifaranga vya tilapia wa Nile vikiwekwa katika maji ya joto la kama digrii 36 katika wiki za kwanza, baadhi ya wenye XX hugeuka madume. Hapa kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, msitarajie bwawa lifanye hivyo lenyewe. Maji yetu ni baridi. Vituo vingi vya kuzalisha vifaranga hutumia chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne za kwanza. Wengine hutumia baba mwenye YY: akizaa na XX, watoto wote wanatarajiwa kuwa XY.

Na asiye na maabara je? Atumie macho. Samaki akifika gramu 30 hivi, mgeuze utazame tumboni karibu na mkia. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Kazi hii yataka subira, lakini haina gharama.

Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Kuchimba shimo ni rahisi; kujua unachotia ndani ndiyo kazi. Kwa hivyo, mwenzangu, mzazi akikutuma ununue vifaranga, muulize muuzaji: ni madume watupu? Umewapataje? Akibabaika, shika njia urudi nyumbani na pesa zako. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nanyi wa kidato cha nne mnaosema somo la jenetiki halina faida ila mtihanini, nendeni mkachungulie bwawa lililo karibu nanyi. Kwaherini, tuonane toleo lijalo Mungu akipenda.