Tromboni na Maana ya Jina Lake

Tarehe 1 Juni 2025, sikukuu ya Madaraka ya Kenya ilifanywa mjini Homa Bay, si mbali na bonde la Lambwe. Mtu apendaye kutazama bendi za askari katika sikukuu za namna hii huenda amepata kujiuliza: kile chombo cha shaba ya manjano, ambacho mpigaji wake husukuma na kuvuta mrija kama ajazaye upepo gurudumu la baiskeli, chaitwaje?

Chaitwa tromboni. Jina hili latoka katika Kitaliano: tromba ni tarumbeta, na trombone ni tarumbeta kubwa. Waingereza wa zamani walikiita sackbut, jina walilolipata kwa Wafaransa, lenye maana ya kuvuta na kusukuma. Basi asiyejua jina la tromboni, akasema "tarumbeta kubwa", asichekwe na waliosoma. Amesema sawasawa na Wataliano wenyewe.

Kazi yake ni hivi. Mpigaji hubana midomo na kuitetemesha kwa pumzi, na mtetemo huo huwa sauti ndani ya bomba lenye urefu wa karibu mita 2.7. Mrija ukisukumwa mbele, bomba huwa refu na sauti huwa nzito. Ukirudishwa, sauti hupanda. Vituo vya mrija ni saba, wala havikutiwa alama. Mpigaji huvijua kwa mkono na sikio lake. Katika bendi nyingi za gwaride wapiga tromboni huwekwa mstari wa mbele, ili mrija usimgonge mtu mgongoni.

Tena, ufundi huu wa midomo si mgeni kwetu. Wajaluo wana oporo, yaani pembe ya kupuliza. Na pwani iko siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate. Vyombo hivi havina mrija wa kuvuta, lakini sauti yake huzaliwa pale pale, katika midomo inayotetemeka.

Kwa hiyo kijana wa Lambwe atamaniye tromboni asimdharau mzee mwenye pembe. Chombo cha shaba chaweza kuwa mbali, tena cha bei kubwa. Lakini somo lake la kwanza liko kwa mzee huyo, naye hatakuwapo siku zote.