Mbolea na dawa katika mfuko mmoja: nani anafaidika, nyasi au mdudu?

Mji wa Richfield, kusini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliwahi kuwa na uwanja wake wa gofu, Rich Acres. Uwanja huo ulifungwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege wa jirani, lakini mdudu anayewanyima usingizi watunzaji wa nyasi za gofu katika eneo hilo angali yupo.

Mdudu huyo ni mbawakawa wa Kijapani. Alionekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1916, katika jimbo la New Jersey, na akagunduliwa Minnesota mwaka 1968. Mabuu yake meupe hukaa ardhini yakitafuna mizizi, hadi nyasi zikauke na kung'oka kama mkeka.

Madukani kuna mbolea iliyochanganywa na dawa ya kuua wadudu, ili kazi mbili zifanyike kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, kalenda ya nyasi si kalenda ya mdudu.

Mbawakawa hutaga mayai zaidi mwezi Julai na Agosti, hivyo dawa ya kinga kama imidakloprid hufaa ikitangulia, Juni au Julai. Nyasi za nchi za baridi, kwa upande wake, hunufaika zaidi na mbolea mwanzoni mwa Septemba. Anayesubiri msimu wa mbolea huenda akachelewa kuyazuia mabuu. Anayemwaga naitrojeni nyingi wakati wa joto huzikaribishia nyasi magonjwa.

Kuna pia suala la maji. Fosforasi ikisombwa na mvua hustawisha mwani maziwani. Ndiyo maana Minnesota iliwekea mipaka mbolea ya fosforasi kwenye nyasi, kuanzia eneo la Minneapolis na Saint Paul mwaka 2004, kisha jimbo zima mwaka 2005. Viwanja vya gofu vilisamehewa kwa sharti kwamba wafanyakazi wake wapate mafunzo.

Kabla ya kununua mfuko, wataalamu hushauri kufunua kipande cha nyasi na kuhesabu. Mabuu yakiwa chini ya 8 katika futi moja ya mraba, nyasi zenye afya na maji ya kutosha kwa kawaida huhimili bila dawa. Inapolazimu kuitumia, maua yaliyomo kwenye nyasi yakatwe kwanza ili kuwanusuru nyuki, kisha dawa imwagiliwe maji ifike mizizini.