Mtabiri Naye Awemo Chomboni

Kutabiri yajayo ni sehemu ya kazi ya kila kiongozi. Afisa wa kilimo hukisia mavuno, mkurugenzi hukisia mapato, na mwenye kampuni hukisia mauzo. Swali ambalo hatuliulizi mara nyingi ni hili: makisio yakienda mrama, hasara huanza kumfikia nani? Mfano wa kujibia swali hilo tumeupata mbali, tena katika biashara ambayo wengi huiona ya kitoto, nayo ni michezo ya vidio.

Satoru Iwata aliiongoza kampuni ya Nintendo, yenye makao yake Kyoto, Japani, tangu mwaka 2002 hadi alipofariki Julai 2015. Wakati washindani wake walipokuwa wakishindania mitambo yenye nguvu zaidi, yeye alishikilia kwamba biashara hiyo ingedumaa isipowavuta wazee, akina mama na wengine ambao hawakuwa wamezoea michezo hiyo. Wii, mtambo uliotoka mwaka 2006 na kuchezwa kwa kupunga mkono, uliuzwa zaidi ya milioni 100. Utabiri wake ukasifiwa.

Kisha upepo ukageuka. Februari 2011 mtambo wa mkononi uitwao 3DS ulitolewa Japani kwa yeni 25,000. Wanunuzi hawakuja kama ilivyotarajiwa, na ilipofika Agosti bei ikateremshwa hadi yeni 15,000. Iwata alijikata nusu ya mshahara. Aidha, waliokwisha kuununua kwa bei ya awali walipewa michezo 20 bila malipo, ili aliyekuwa wa kwanza kuamini asiwe wa kwanza kujuta.

Hayo hayakuwa ya mwisho. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2014, kampuni ilikisia kuuza mitambo ya Wii U milioni 9, na Iwata mwenyewe aliahidi faida ya yeni bilioni 100 kutokana na shughuli zake. Januari 2014 alisimama hadharani akateremsha makisio ya mauzo hadi milioni 2.8, akatangaza kwamba mahali pa faida ile ilitazamiwa hasara ya yeni bilioni 35. Mshahara wake ukakatwa nusu tena, kwa miezi mitano, na wakurugenzi wenziwe nao wakakatwa yao. Mwaka uliotangulia, wanahisa walipomuuliza kuhusu kupunguza wafanyakazi, alikataa, akieleza kwamba mtu anayehofia kufukuzwa hawezi kubuni mchezo wa kuwagusa walimwengu.

Yuko atakayesema kwamba nusu ya mshahara wa mtu mmoja haizibi pengo la mabilioni. Ni kweli, haizibi. Lakini inaonyesha mzigo unaanzia bega la nani. Mahali pengi mambo huwa kinyume: makisio hutolewa juu kwa mbwembwe, na yakianguka, hasara humwangukia kibarua, mvuvi au mkulima ambaye hakuulizwa lolote.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa maafisa wetu. Kila mradi unapotangazwa katika visiwa hivi, iwe gati, kisima au kiwanda, makisio yake yaandikwe kwa tarakimu, pamoja na tarehe na cheo cha mwenye dhamana. Tarehe hiyo ikifika, yasomwe tena mbele ya wananchi walewale. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa ni rahisi kusahauliwa na mdaiwa.

Wananchi nao wana wajibu wao. Afisa atakayejitokeza mapema kusema kwamba hesabu yake haikutimia asizomewe kama mwizi. Tukimzomea mkweli, tutawafundisha wengine kuficha, na hesabu iliyofichwa hugunduliwa fedha zikiwa zimekwisha.

Wazee wetu wa baharini walimwamini nahodha katika habari za upepo, ingawa naye alikosea mara kwa mara. Walimwamini kwa sababu alikuwamo chomboni pamoja nao, na mawimbi yalipopanda yalimlowesha naye. Hilo ndilo tunalowataka wanaotutabiria kesho yetu: wapande chombo kimoja nasi.