Ruzuku ya Kikundi cha Nyumbani: Tulianza Kuitafuta Pasipofaa

Februari 2025 mama mkubwa alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya chakula. Hakuzunguka. "Mwanangu, pesa zimekatika. Wewe si uko chuo? Tuandikie kwa wafadhili."

Mama mkubwa ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama 19 kule kwetu Kyela, kijiji cha ukanda wa ziwa. Wana chumba kimoja cha kusomea watoto. Aliyefika Kyela wakati wa masika anajua: kuanzia Machi mpaka Mei mvua haina mchezo, mito inajaa, na mtoto wa darasa la pili hawezi kuvuka kwenda shule. Siku hizo watoto hukusanyika kwenye kile chumba, wanafundishwa kusoma na kuhesabu, wanakunywa uji. Vitabu, mikeka na sukari vilikuwa vinaletwa na shirika kubwa la mjini, nalo lilikuwa linapata pesa Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku 90 hizo hazikuisha vizuri. Kufikia Julai mosi shirika la USAID lenyewe lilikuwa limefungwa. Sisi tulikuwa mwisho kabisa wa mnyororo, na hakuna aliyetuandikia hata barua.

Nikafanya ambacho wengi wenu mngefanya. Boom lilikuwa limeingia, nikanunua bando, nikaanza kutafuta orodha za wafadhili mtandaoni. Wiki tatu. Nusu ya matangazo yalikuwa yameshapita muda, mengine yalitaka shirika lenye hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, moja lilikuwa la Nepal na nimelijaza nusu nzima kabla sijagundua.

Huku nyuma kina mama hawakunisubiri. Walimpata kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa maandiko, akataka shilingi 300,000 na asilimia 10 ya ruzuku ikitoka. Wakachanga 150,000 ya kutanguliza. Andiko lilipokuja nikalisoma kwenye simu: ukurasa wa nne ulisema mradi utawanufaisha wafugaji wa Longido. Sisi ni wakulima wa mpunga na kakao, jamani, Longido iko mpakani na Kenya! Simu yake haipatikani hadi leo.

Kwa hiyo la kwanza mlijue hili. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba, na wengi hawakubali kabisa mwandishi wa andiko alipwe asilimia ya ruzuku. Pesa ya mradi ina bajeti yake, na hiyo asilimia 10 haina mstari wa kuandikwa.

Likizo nikaenda mwenyewe ofisi ya maendeleo ya jamii. Afisa akauliza swali moja tu: "Mmesajiliwa kama nini?" Mama mkubwa akatoa cheti kwenye mfuko wa plastiki, kwa fahari kabisa. Kilikuwa cheti cha kikundi, walichokichukua halmashauri ili waombe ile mikopo ya asilimia 10.

Hapa ndipo wengi tunachanganya mambo, hata sisi wasomi. Fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. (Utoaji wake ulisitishwa 2023 ukarejeshwa 2024.) Unafaa kwa kikundi kinachozalisha na kuuza. Chumba cha kusomea watoto hakiuzi kitu, kwa hiyo kingerudisha nini? Ruzuku hairudishwi, ila mtoaji anataka kujua anampa nani kisheria, na cheti cha kikundi cha mikopo mara nyingi hakitoshi.

Anayetaka ruzuku kwa kazi kama yetu hujisajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni lazima uende Dodoma na mwanasheria. Sheria ina ngazi ya wilaya, mkoa, taifa na kimataifa, na unaanzia kwa msajili msaidizi, ambaye ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Mnapeleka katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi, taarifa na picha za viongozi, na ada. Cheti kinadumu miaka 10 tangu marekebisho ya 2019, lakini kila mwaka mnadaiwa taarifa ya kazi na ya fedha. Na kuna kanuni za 2018 ambazo hata mashirika ya mjini huzisahau: mkataba wa ruzuku unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa.

Katiba ilituchukua wiki mbili. Kikao kizima kiliisha kwa ubishi wa kama mume wa mwanachama anaweza kuwa mweka hazina. (Hawezi. Kura 14 kwa 5.)

Baada ya cheti ndipo utafutaji ukawa na maana, maana sasa tulijua ukubwa wetu. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za Bara na Zanzibar, na hutangaza mwaliko kwa mada maalumu. Women Fund Tanzania Trust inaangalia vikundi vya wanawake. Ubalozi wa Japani una ruzuku za miradi ya ngazi ya jamii, ila hizo ni za majengo na vifaa: ukiomba sukari ya uji unajipotezea muda, ukiomba darasa unasikilizwa. Kanada nayo ina mfuko wa miradi midogo ya mashirika ya ndani. Kwa mazingira kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002, na Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF unaosimamiwa kupitia UNDP. Huo wa GEF mara nyingi huchagua kwanza maeneo, kwa hiyo soma tangazo uone kama wilaya yako imo kabla hujaandika sentensi hata moja.

Utauliza mazingira yanatuhusu nini. Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo kila kitu nilikiona elimu. Mama mmoja mzee ndiye aliyesema watoto hawakosi shule kwa sababu ya shule, wanakosa kwa sababu ya mto, na kingo za mto zimelimwa mpaka majini. Kikundi kilikuwa tayari na kitalu cha miche nyuma ya kile chumba, na mimi sikuwahi kukitaja kokote. Tukaandika maombi mawili: la vitabu na mafunzo ya walimu wa kujitolea, na la kupanda miti kandokando ya mto. Hatukugeuza kikundi kuwa kitu kisicho. Hilo lina mpaka wake, maana nimeona kikundi cha ufinyanzi kikiandika kuwa kinashughulikia tabianchi, na siku ya ukaguzi ikawa aibu.

Kilichonishangaza zaidi ni mchango. Fomu iliuliza kikundi kinachangia nini, mama mkubwa akajibu, "Andika hatuna." Tukakaa na daftari. Chumba ni cha mwanachama, hakilipiwi kodi. Walimu wawili wanajitolea saa tatu kwa siku. Masika ya 2025, bila mfadhili yeyote, walitoa magunia mawili ya mchele wa kupikia uji. Miche 600. Tulipopiga hesabu kwa bei ya soko la Kyela, mchango wao ulikuwa karibu theluthi ya bajeti nzima. Mama mkubwa aliangalia ile jumla, akaniambia nirudie hesabu.

Maombi yote mawili yameenda Oktoba, majibu bado. Masika inaanza Machi. Kwa sasa pengo letu ni vitabu vya hesabu: risiti zipo, zimejaa kwenye kopo la maziwa ya unga, ila hakuna aliyezipanga. Wewe unayesoma uhasibu na likizo uko Kyela, Rungwe au Mbeya mjini, nitafute hapa chuoni. Nauli tutachanga, na wali hautakosa.