Jicho Lisilo Pazia

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Lakini sisi wa visiwani twajua kwamba masika huja na pazia lake. Mawingu hutanda, na kamera ya kawaida iliyoko angani haioni nchi kavu wala bahari. Usiku nao hufunika yaliyobaki.

Setilaiti za rada hazizuiwi na pazia hilo. Hupeleka chini mawimbi ya redio, kisha hupokea mwangwi wake, na kwa mwangwi huo picha hutengenezwa, iwe mchana au usiku. Miongoni mwao ni Sentinel-1 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa tarehe 3 Aprili, 2014. Huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 700 hivi, na picha zake hutolewa bure kwa mtu wa nchi yoyote.

Manufaa yake yamekwisha kuonekana kwa jirani zetu. Mwezi Machi, 2019, kimbunga Idai kilipopiga karibu na Beira, Msumbiji, picha za rada ziliwawezesha wataalamu kuchora ramani ya mafuriko. Maji yaliyotulia hayarudishi mwangwi kwenye setilaiti, kwa hiyo huonekana meusi.

Mauritius nayo ina funzo zito zaidi kwetu. Tarehe 25 Julai, 2020, meli Wakashio ilipanda mwamba, na tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kuvuja. Tani zipatazo 1,000 zilimwagika. Setilaiti ziliyaona mafuta hayo kutoka angani, lakini waliojitosa kuyazuia ni wananchi, walioshona vizuizi kwa vitambaa na majani ya miwa. Kati ya meli kukwama na mafuta kuvuja zilipita siku 12. Kuona ni jambo moja. Kujiandaa ni jambo jingine.

Isitoshe, picha ya rada haijisemei yenyewe. Mafuta hulaza viwimbi vya bahari, hivyo huonekana kama doa jeusi. Lakini shwari nayo hutoa doa kama hilo. Mtaalamu aliyeko Ulaya aweza kutatizwa, ilhali nahodha wetu ajua ni upande gani wa kisiwa upepo hufa wakati wa maleleji. Elimu hizo mbili zapaswa kukutana katika ofisi moja, hapa hapa visiwani.

Wala tusidhani kuwa setilaiti ni mlinzi asiyelala. Moja peke yake huchukua siku 12 kurudi katika njia ile ile, na yaweza kuharibika, kama ilivyoharibika Sentinel-1B mwezi Desemba, 2021. Haiwezi kushika nafasi ya doria wala ya mvuvi anayetoa habari.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wetu mambo matatu. Kwanza, vijana wa Unguja na Pemba wasomeshwe kuzisoma picha hizi. Pili, ijulikane ni afisa gani mwenye zamu ya kuzifungua, hata siku ya sikukuu. Tatu, iwekwe njia ya habari kumfikia sheha na kila diko kabla madhara hayajafika pwani, na habari za wavuvi nazo ziifikie ofisi hiyo.

Picha ni za bure. Msomaji wake hapatikani bure. Lazima tumwandae sisi wenyewe, na tumwandae kabla ya meli kupanda mwamba.