Toka kiwanja cha ndege hadi Mji Mkongwe: Ulimi ndio nauli

Wengi wanaokwenda Unguja hudhani safari imekwisha ndege ikigusa ardhi. Thubutu! Kutoka Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Kisauni, hadi Mji Mkongwe hazifiki kilomita 10, lakini ndizo zinazomtenga mwenyeji na mgeni.

Kwanza teksi. Hazina mita, bei ni maneno. Ukitoka na begi la magurudumu na miwani ya jua, unatajiwa dola hata kama umezaliwa Tandika. Usinune. Salimia, uliza hali, kisha taja bei yako kwa shilingi kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Ukishapanda, umekwisha!

Pili daladala. Ya kiwanjani kwa miaka mingi imebeba namba 505. Nauli ni vijisenti tu ukilinganisha na teksi, ila uwe na subira: itasimama sana njiani, na begi lako utalipakata kama mwana.

Mwaka 2023 nilishuka pale saa nane mchana, shangazi anazikwa baada ya alasiri. Dereva mmoja akaanza na dola zake. Nikamwambia, "Kaka, nawahi maziko, Malindi." Uso ukambadilika. "Ah, poleni. Ungesema mapema, bwana. Panda." Bei hatukuitaja tena mpaka tulipofika, nami nikampa kwa moyo mmoja.

Hata hivyo gari lilinifikisha Darajani tu. Barabara ile ya Creek, ambayo sasa inaitwa Benjamin Mkapa, zamani ilikuwa mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo. Maji yalifukiwa, lakini mpaka bado unauona: ukivuka tu unaingia kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, ni vespa, baiskeli na miguu yako. Mji huu UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, lakini cheti hicho hakikuonyeshi njia. Wanaoijua ni wazee wa barazani.

Nilimwamkia mmoja, shikamoo, nikamtajia msikiti. Akamtuma mjukuu wake anitangulie. Kulia, kushoto, kushoto tena, jeneza hilo linatoka! Nikaliwahi, nikatia bega.

Basi msomaji, ukienda Unguja beba chenji na viatu vya kutembelea. Salamu usiiache nyumbani.