Mödlareuth

Mödlareuth ni kijiji kidogo nchini Ujerumani chenye wakazi wapatao 50. Kijiji hiki kiko katika majimbo mawili kwa pamoja: upande mmja ni wa jimbo la Bavaria na upande mwingine ni wa jimbo la Thuringia. Kinajulikana hasa kwa sababu kilikatwa katikati na ukuta wakati Ujerumani ilipokuwa nchi mbili. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Bavaria walikipa jina la "Berlin Ndogo".

Jiografia

Kijiji kiko katika eneo la vilima, mashamba na misitu, kaskazini mwa mji wa Hof, si mbali na mipaka ya jimbo la Saksonia na nchi ya Ucheki. Katikati ya nyumba hupita kijito kinachoitwa Tannbach, ambacho maji yake huelekea mto Saale. Kijito ni chembamba. Mtu mzima anaweza kukivuka kwa hatua chache tu.

Kijito hicho ndicho mpaka. Upande wa Bavaria ni sehemu ya manispaa ya Töpen katika wilaya ya Hof. Upande wa Thuringia ni sehemu ya mji wa Gefell katika wilaya ya Saale-Orla.

Historia ya awali

Mpaka wa Mödlareuth ni wa zamani kuliko Ujerumani yenyewe. Kabla ya mwaka 1871 Ujerumani haikuwa dola moja, bali ilikuwa na falme na temi nyingi, kila moja na mtawala wake. Mwaka 1810 eneo la Bayreuth lilikabidhiwa kwa Ufalme wa Bavaria, na mawe mapya ya mpaka yakawekwa kando ya Tannbach. Upande mmoja wa mawe hayo ulikuwa na herufi za Ufalme wa Bavaria, upande wa pili herufi za Utemi wa Reuss. Mwaka 1920 maeneo ya Reuss yakawa sehemu ya jimbo jipya la Thuringia.

Kwa zaidi ya miaka 130 mpaka huo haukuwazuia wanakijiji kuishi pamoja. Shule na baa vilikuwa upande wa Thuringia. Kanisani watu walikwenda Töpen, upande wa Bavaria. Vijana walioana kutoka pande zote mbili, na wakulima walikuwa na mashamba ng'ambo ya kijito. Kodi zililipwa kwa serikali mbili, lakini kijiji kilikuwa kimoja.

Mgawanyiko

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kumalizika mwaka 1945, washindi waligawa Ujerumani katika kanda nne. Bavaria iliwekwa chini ya Marekani na Thuringia chini ya Umoja wa Kisovyeti. Kwa hiyo Tannbach, iliyokuwa mpaka wa majimbo, ikawa mpaka kati ya kanda mbili za kijeshi. Mwaka 1949 kanda hizo zilizaa nchi mbili: Shirikisho la Jamhuri ya Ujerumani upande wa magharibi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani upande wa mashariki. Mwanzoni wanakijiji waliendelea kuvuka kwa vibali.

Hali ilibadilika mwezi Mei 1952. Serikali ya mashariki, iliyokuwa ikipoteza raia wengi waliohamia magharibi, ilifunga mpaka wake wote na nchi ya pili, wenye urefu wa karibu kilomita 1,400. Kando ya mpaka ilitengwa kanda ya kilomita 5, na ndani yake ukanda wa mita 500 wenye masharti makali zaidi. Mödlareuth ya mashariki yote iliangukia katika ukanda huo. Wakazi walihitaji muhuri maalumu katika vitambulisho vyao, na usiku hawakuruhusiwa kutoka nje. Mgeni, hata akiwa ndugu wa damu, hakuweza kuingia bila kibali. Mwaka huohuo maelfu ya watu walioishi karibu na mpaka, waliodhaniwa kutoaminika kisiasa, walihamishwa kwa nguvu kwenda ndani zaidi ya nchi.

Kijijini ulijengwa kwanza uzio wa mbao uliozuia watu hata kuonana. Baadaye zikaja seng'enge, na mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700 na kimo cha zaidi ya mita 3. Ulilindwa kwa minara, taa na askari wenye silaha.

Watu wa upande wa magharibi waliweza kusogea karibu na kutazama. Wageni wengi walifika kuuona ukuta, akiwemo George H. W. Bush mwaka 1983, alipokuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Wale wa mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono jirani zao. Tangu mwaka 1973 wakazi wa wilaya za mpakani za magharibi waliruhusiwa kutembelea baadhi ya wilaya za mashariki, lakini si ukanda uliofungwa. Hivyo mtu wa Mödlareuth aliweza kwenda mbali ndani ya Ujerumani ya Mashariki, lakini hakuweza kuingia nyumba aliyoiona kutoka dirishani kwake.

Kufunguliwa kwa mpaka

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Mödlareuth ilisubiri mwezi mmoja zaidi: njia ya waenda kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1989, baada ya miaka 37. Tarehe 17 Juni 1990 sehemu kubwa ya ukuta ilianza kubomolewa kwa mashine. Ujerumani iliungana tena tarehe 3 Oktoba 1990.

Siku hizi

Wanakijiji waliamua kutobomoa ukuta wote. Takriban mita 100 zimebaki, pamoja na mnara wa ulinzi na sehemu za uzio, na ni sehemu ya makumbusho ya historia ya mgawanyiko wa Ujerumani yaliyoanzishwa mwaka 1990.

Mpaka wa majimbo haukuondolewa. Mpaka leo kijiji kina mameya wawili, namba mbili za posta na namba tofauti za magari. Hata sikukuu hazilingani: tarehe 6 Januari ni siku ya mapumziko Bavaria lakini si Thuringia, na tarehe 31 Oktoba ni siku ya mapumziko Thuringia lakini si Bavaria. Mstari ni uleule uliowekewa mawe mwaka 1810. Tofauti ni kwamba anayetaka kumtembelea jirani yake huvuka daraja dogo, na haombi kibali kwa mtu yeyote.